Nimemwaga oili ya difu kabla ya kufungua filla (plagi ya kujazia), na filla imegoma (Hilux 3L). Msaada wakuu

#1 Pikapu_ya_Samaki

Wakuu heshima kwenu.

Nina Hilux ya 1996, injini 3L, singo kabini, springi za majani nyuma. Kazi yake ni barafu na samaki, Kunduchi kwenda Tegeta na Feri hapa Dar, siku sita kwa wiki. Wiki ya pili sasa difu ya nyuma (gia za kwenye ekseli) inalia. Ukifika spidi 60 unasikia uuuuu kama nzi ndani ya chupa, ukiachia mafuta mlio unageuka mkoromo. Sili ya pinioni (gia ndogo inayoingiza mzunguko kwenye difu) nayo inavuja, oili imerushwa mpaka kwenye tangi.

Leo asubuhi nikasema kabla ya kwenda kwa fundi nibadilishe oili mwenyewe. Nikalala chini, spana ya 24, dreni (plagi ya kumwagia) ikafunguka bila shida. Kilichotoka siyo oili wakuu, ni chai ya maziwa. Nikaiacha ichuruzike mpaka tone la mwisho, nikarudisha dreni, ndipo nikageukia filla.

Filla haitaki. Nimeweka bomba la mita moja kwenye spana, spana ikateleza, kona zimekuwa duara. Mara ya mwisho ilifungwa na gereji fulani mwaka jana, na nikiangalia naona gundi nyeupe imejaa pembeni ya plagi.

Sasa gari haina oili, siwezi kulipeleka popote, na Jumatatu kuna watu wananisubiri na barafu yao. Nifanyeje?

#2 Karanga_za_Kukaanga

Nimevuta kiti. Ngoja waje wataalamu.

#3 Fundi_Mstaafu

Dogo, pole. Kosa lako kila fundi amewahi kulifanya, mara moja. Filla hufunguliwa kwanza, dreni baadaye, ili filla ikigoma bado una oili ndani na gari linatembea. Sasa tuendelee na ulipo.

Usiliendeshe hata mpaka barabarani. Difu haina pampu, kraunwili, ile gia kubwa ya duara, ndiyo inayochota oili na kuirusha kwenye beringi. Hakuna oili, hakuna kinachorushwa.

Pili, niambie gari umelisimamisha juu ya nini. Kama ni jeki peke yake, toka chini sasa hivi. Kama ni tofali la saruji, toka pia. Tofali likipasuka halitoi taarifa. Tafuta stendi za chuma au magogo ya mti mzima, na zuia magurudumu ya mbele.

Tatu, hiyo chai ya maziwa ni maji yaliyosagwa na oili. Unashusha gari baharini?

#4 Pikapu_ya_Samaki

Shikamoo mzee. Lilikuwa juu ya jeki na tofali. Nimeenda kuazima stendi kwa jirani.

Ndiyo, narudi kinyumenyume mpaka maji yanafika katikati ya gurudumu, tunapakia kutoka mtumbwini. Kila siku alfajiri.

#5 Fundi_Mstaafu

Marahaba. Basi usitegemee ni filla peke yake. Ukifika ndani utakuta kutu pale ambapo oili haifiki. Jiandae.

Kwa leo: safisha plagi kwa brashi ya waya, kwangua hiyo gundi yote kwa ncha ya kisu mpaka uone mstari kati ya plagi na hauzingi (ganda la difu). Chukua nyundo ya kilo moja, weka kipande cha chuma bapa juu ya kichwa cha plagi, piga mapigo kumi au kumi na tano ya moja kwa moja, siyo ya pembeni. Usipige kwa hasira, piga kama unagonga mlango wa mtu unayemdai lakini unamheshimu. Kutu ni unga uliojibana kwenye nyuzi, mshtuko ndio unaoupasua, nguvu ya bomba haifanyi kazi hiyo. Halafu puliza oili ya kupenya, acha, rudi baada ya saa mbili, gonga tena, puliza tena. Kabla ya kufungua, jaribu kwanza KUKAZA kidogo. Ikisogea upande wowote ule, hata upana wa unywele, umeshinda.

#6 Mvita_Kongowea

Kaka, mimi niko Mombasa, gari zetu zaliwa na chumvi vilevile kama zenu. Hizo oili za kopo zauzwa ghali na nyingi ni manukato tu. Sisi twachanganya wenyewe: oili ya gia ya otomatiki nusu, asetoni nusu. Tikisa sana kabla ya kutia maana havikai pamoja, ukiiacha dakika kumi utaona vimejitenga. Tia kwa bomba la sindano, tone tone, usimwage. Asetoni yashika moto upesi, basi sigara weka mbali, na usiiweke ndani ya chupa ya plastiki yoyote ile, nyingine huziyeyusha.

Lakini dawa ni saa. Tia jioni, tia asubuhi, tia jioni. Mtu atia saa nne, saa nne na dakika tano ashavuta bomba. Hiyo si dawa tena, ni kuosha nati.

#7 Turbo_Mbezi

Mnamzungusha bure. Tafuta mtu mwenye kompresa na impakti (mashine ya hewa ya kufungulia nati), sekunde tatu imetoka. Mambo ya kugonga gonga ni ya enzi za Bedford.

#8 Fundi_Mstaafu

Turbo, impakti ninaipenda, na kweli kazi yake ni hiyohiyo ya kugonga huku inazungusha. Lakini soketi itashika wapi? Ameshasema kona zimekuwa duara. Ukiweka impakti pale unamalizia kusaga kilichobaki.

#9 Dada_wa_Wilda

Habari zenu. Mimi ni mchomeleaji, gereji yangu ipo Mwenge, plagi na studi (boliti zisizo na kichwa) za namna hii naletewa kila wiki. Kwa filla yenye kichwa cha duara njia ni moja: chomelea nati juu yake. Kaka wa samaki, sikiliza kwa utaratibu kwa sababu chini ya Hilux kuna tangi la dizeli na paipu za breki.

Toa waya hasi wa betri kwanza, usije ukaunguza altaneta. Fungua dreni iache wazi, ndani kuna mvuke wa oili na ukipasha chombo kilichozibwa unatafuta balaa. Funika tangi na paipu kwa gunia lililoloweshwa maji, weka ndoo ya mchanga na mtu wa kuangalia, kwa sababu wewe ukiwa ndani ya kofia huoni moto unaoanzia pembeni. Kama ulipuliza dawa ya kusafishia breki, ifute na iache ikauke kabisa, maana nyingine zina klorini na zikikutana na mwanga wa wilda zinatoa gesi ya sumu ambayo haina utani.

Sasa waya wa udongo. Huu ndio watu wanakosea. Bana kwenye hauzingi ya difu yenyewe, karibu na plagi, umekwangua rangi mpaka chuma cheupe. Ukibana kwenye propela (shafti ndefu inayozungusha difu) au kwenye rimu, umeme utapita katikati ya beringi na kila gololi itapata kidonda. Difu yako italia kuliko ilivyokuwa inalia.

Chukua nati kubwa, tundu lake liwe dogo kidogo kuliko kichwa cha plagi. Fimbo ya 2.5. Anzia katikati ya tundu, juu ya plagi, jaza ukizunguka mpaka ujae nati yote. Itawaka nyekundu. Usiiguse! Iache ipoe mpaka ukitemea mate hayachemki tena. Hapo weka spana, sukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma. Kuchomelea kumekupa vitu viwili kwa mpigo: kishikio kipya, na plagi iliyotanuka ikasukuma kutu halafu ikasinyaa ikaacha nafasi.

#10 Turbo_Mbezi

Huyu dada kanifunga mdomo. Nakubali.

#11 Mwanafizikia_wa_Kata

Naongeza hesabu kwa wanaopenda hesabu. Chuma kinatanuka kama sehemu 12 katika milioni kwa kila sentigredi moja. Tundu la nati la milimita 10 ukilipasha sentigredi 300 zaidi linafunguka milimita 0.036. Inaonekana si kitu, lakini kutu iliyojibana haihitaji zaidi ya hapo. Ndiyo maana kwa boliti na nati, moto unapiga NATI, siyo boliti. Ukipasha boliti unainenepesha ndani ya tundu lilelile.

Kwa plagi inayoingia kwenye hauzingi, kanuni inasema upashe hauzingi. Ila hauzingi ni kubwa na inakimbiza joto, ndiyo maana njia ya dada ya kupasha plagi na kuiacha ipoe ndiyo inayowezekana.

#12 Karanga_za_Kukaanga

Uzi wa nyuzi, na sasa nyuzi joto. Karanga zimeisha naagiza nyingine.

#13 Pikapu_ya_Samaki

Mrejesho, Jumapili usiku.

Imetoka wakuu! Niligonga tangu jana jioni, nikatia mchanganyiko wa Mvita mara nne. Haikusogea. Leo nikamleta kijana mwenye mashine, nikamsomea bandiko la dada mstari kwa mstari kama risala. Alitaka kubana udongo kwenye springi, nikamwambia hapana, kwenye hauzingi. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

Nati ya kwanza iling'oka, alichomelea pembeni tu. Ya pili akajaza katikati. Tulipoacha ipoe nilikunywa chai nzima. Kisha nikaweka spana, nikasukuma kama nakaza, nikasikia *tak*, kama kijiti kikavu. Nikarudi nyuma robo, mbele kidogo, nyuma nusu. Ikawa inatoka na kelele ya mlango wa zamani, na kwenye nyuzi zake gundi nyeupe imekaa kama saruji.

Barafu ya Jumatatu nimempa jamaa wa kirikuu. Kwa hiyo sasa nimeamua: gari limeshalala, nashusha kichwa cha difu chote, yaani gia zote na chuma kinachozishika, nione. Nishaurini mnaojua.

#14 Fundi_Mstaafu

Safi. Dada, Mungu akubariki kwa lile la udongo, kosa hilo limewaulia vijana wengi beringi zao.

Kushusha kichwa kwenye Hilux hii ni lazima uvute hafu shafti zote mbili (zinazozungusha magurudumu) kwanza, japo sentimita kumi na tano nje, ziachie kraunwili. Kila upande kuna nati nne nyuma ya sahani ya breki. Hapo hapo kuna paipu ya breki, na nati yake ndogo ndiyo adui yako wa leo. Usiiguse kwa spana ya kawaida ya wazi. Tafuta ile ya kukumbatia, yenye mdomo uliokatwa kidogo upitishe paipu. Nati ikishikana na paipu, ukizungusha nati paipu inajinyonga kama kamba. Ukiona paipu inazunguka pamoja na nati, acha, kata paipu, nunua mpya. Paipu ni bei ndogo kuliko silinda.

Propela: weka alama kwa rangi kati ya flenji mbili kabla ya kutoa, irudi ilivyokuwa.

Halafu nati za kuzunguka kichwa. Loweka tangu leo. Usitoe moja yote ukahamia nyingine, legeza zote robo robo kwa mkato wa msalaba. Na nati mbili za juu acha zimeshika nyuzi tatu nne mpaka mwisho, kwa sababu kile kichwa ni kizito na kikidondoka kinadondokea kifua.

#15 Nipo_Maskati

Assalaam aleikum jamaa. Mie nipo Maskati, asili Unguja, nna Land Cruiser ya toleo la 79. Nataka niseme moja kwa wenye gari kama yangu wasije wakasoma uzi huu wakafanya kama Hilux. Yetu hafu shafti inatoka nje bila kufungua breki, nati za kwenye flenji ya gurudumu tu. Lakini chini ya kila nati kuna washa ya koni iliyopasuliwa upande mmoja, imejikita kama kabari. Mtu anatoa nati zote, anavuta flenji, haiji, anapiga tindo ubavuni, anavunja.

Dawa yake: rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha ya studi, usiitoe. Shika kipande cha shaba nyekundu au shaba njano, kiweke juu ya studi, piga pigo moja zito. Kisha piga flenji pembeni ya studi. Ghafla koni inaruka, tiii, inajigonga kwenye nati. Ndo maana nati ulibakisha, la sivyo washa ungeitafuta jirani. Mie mara ya kwanza nilizitafuta tatu kwenye mchanga kwa sumaku ya spika, jua la saa saba.

#16 Mvita_Kongowea

Swadakta. Hiyo ya koni imevunja flenji nyingi hapa Mombasa.

#17 Kijana_wa_Houston

Salamu kutoka Texas. Kwa faida ya waliobahatika kuletewa pikapu za Chevrolet kutoka huku: boliti za kraunwili kwenye difu nyingi za GM, zile za kifuniko cha boliti 10, zina nyuzi za kushoto. Zinafunguka kwa kukaza. Nilivunja mbili ndipo nikaambiwa.

#18 Fundi_Mstaafu

Kweli. Na kwetu msisahau Fuso na Isuzu za zamani: studi za magurudumu upande wa kushoto zina nyuzi za kushoto, tazama herufi L kwenye ncha. Utingo amekanyaga spana ya msalaba mpaka kaning'inia, kumbe anaikaza.

#19 Pikapu_ya_Samaki

Mrejesho wa Jumatano.

Hafu shafti ya kulia imetoka vizuri. Ya kushoto nati ya paipu ikafanya kama mzee alivyosema, paipu ikajinyonga. Nikaikata.

Nati za kichwa: nyingi zimelegea kwa kwenda mbele na nyuma. Moja imetoka na studi yake nzima. Mbili za chini, zile zinazoelekea maji, studi zimekatika. Moja imebakiza kisiki kama cha kucha nje, nyingine imekatikia ndani kabisa. Hapo nilitaka kulia.

Kichwa hakikushuka mpaka nilipokigonga kwa ubao, silikoni ilikuwa imekishika. Ndani, chini ya usawa wa oili panang'aa. Juu ya usawa huo pamekuwa rangi ya udongo mwekundu. Beringi ya pinioni ya nyuma ina vidoa, nimeelewa mlio ulikuwa wapi.

Nina izauti nimeazima, kile kipini cha kutolea boliti iliyokatika. Naingiza?

#20 Dada_wa_Wilda

USIINGIZE. Kwanza ile iliyotoka na studi siyo hasara, studi ni mali ya kubadilisha. Safisha tundu tu. Siku ya kuirudisha, kaza nati mbili zibanane kwenye studi, zungusha ile ya juu, studi inaingia. Ukitaka kuitoa zungusha ile ya chini.

Yenye kisiki: nati juu, jaza katikati, umeshajua kazi. Kwa kisiki kifupi anza na washa, ichomelee kwanza, kisha nati juu ya washa. Na sasa hauzingi iko tupu, ifute oili yote ndani kwanza.

#21 Turbo_Mbezi

Izauti mnaionea. Mimi nimetoa nyingi tu.

#22 Mvita_Kongowea

Ndugu Turbo, umetoa zilizokuwa tayari kutoka. Fikiri: boliti nzima yenye kichwa imekatika kwa nguvu ya mkono wako. Wewe wataka kuizungusha kwa kijipini chembamba zaidi, kilichotiwa katikati yake, na kwa umbo lake chaitanua ibane zaidi. Tena ni chuma kigumu chenye roho ya kioo. Yangu ilikatikia ndani ya hauzingi mwaka jana, na kisiki cha izauti keekee haikiingii. Nilimpelekea mkerezaji, akakaa nacho alasiri nzima.

#23 Fundi_Mstaafu

Izauti ina mahali pake: boliti iliyokatika kwa kukazwa mno, isiyo na kutu. Kwa studi ya baharini, hapana.

Ile iliyokatikia ndani, fanya hivi. Sawazisha uso wake kwa tindo ndogo. Piga senta katikati kabisa, na ukikosea katikati, sogeza kwa kupiga senta ya mshazari, usianze kutoboa hivyo hivyo. Keekee ndogo ya milimita 3 kwanza, nyoofu, mtu asimame pembeni akuambie kama umelala. Kisha 5. Kuna keekee za mkono wa kushoto, ukizipata tumia hizo, mara nyingi studi inashikwa na kutoka yenyewe unapotoboa, kwa sababu joto na mtetemo vimeshafanya kazi. Ikikataa, endelea na keekee kubwa mpaka ubakize ganda jembamba, ulikunje ndani kwa tindo ya ncha, halafu pitisha tepu (chuma cha kukatia nyuzi) ya saizi ileile kusafisha nyuzi. Tepu: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, oili kila mara. Ukiharibu nyuzi kuna springi za chuma za kuweka ndani, lakini tusifike huko.

Kaza moyo, dogo. Umeshapita kubaya.

#24 Pikapu_ya_Samaki

Alhamisi. Kisiki cha nje kimetoka kwa nati ya tatu. Cha ndani nilipata keekee ya kushoto Gerezani, elfu kumi na mbili, nikalalamika bei. Nilipofika kina cha kucha mbili keekee ikashika, ikanivuta kiganja, nikaachia. Nilipotazama, studi imepanda uzi mmoja juu. Nikaimalizia kwa koleo ya ncha. Elfu kumi na mbili ilikuwa bei ya maji.

Sasa kichwa kipo mezani. Zimebaki nati ya pinioni na zile nati pana za pembeni za kusogezea kraunwili. Ya kulia inazunguka. Ya kushoto imekufa. Nimetengeneza ufunguo wa pini mbili kwa bapa na boliti, pini moja imepinda.

#25 Fundi_Mstaafu

Acha hapo hapo. Umelegeza kepu za beringi, vile vifuniko vinavyozishika?

#26 Pikapu_ya_Samaki

Nimelegeza boliti nusu mzunguko.

#27 Fundi_Mstaafu

Basi nikueleze umbo la kitu. Ile nati pana nyuzi zake zimegawanywa, nusu zimekatwa kwenye kichwa, nusu kwenye kepu. Ilikatwa kepu ikiwa imefungwa mahali pake, kwa hiyo kepu ya kushoto ni ya kushoto milele, na hata kuigeuza juu chini ni marufuku. Kabla ya lolote, senta: nukta moja kepu ya kushoto na nukta moja kichwani karibu yake, nukta mbili kulia na mbili kichwani. Hesabu pia na uandike nati ilikuwa imeingia matundu mangapi.

Sasa toa kepu yote. Umeondoa nusu ya ubishi. Igonge kwa nyundo ya plastiki huku na huku, usiibandue kwa bisibisi. Nati ya kushoto itabaki imelala kwenye nusu nyuzi, na nusu nyuzi haina uwezo wa kung'ang'ania. Itanyanyuka pamoja na kraunwili. Kama imebaki kwenye kepu, hapo unaruhusiwa kupasha kepu peke yake, ikiwa mbali na beringi.

Moto hapa una mipaka. Beringi ikipita kama sentigredi 150 au 200 ugumu wake unaanza kuondoka, hata kama macho hayaoni kitu. Beringi unazotupa, choma utakavyo. Zinazobaki, usizioneshe moto. Kwa nyuzi za kepu: brashi ya waya na ncha ya msumari uzi kwa uzi. Usiguse kwa tupa.

Nati ya pinioni: mdomo wake umepondwa kuingia kwenye mfereji wa shafti. Watu wengi wanavuta bila kuuinua, wanakula nyuzi za pinioni, na pinioni ikiharibika umenunua pea nzima na kraunwili yake kwa sababu huuziwa pamoja. Inua ule mdomo kwa tindo nyembamba mpaka utoke kwenye mfereji. Flenji ishike kwa bapa refu lililotobolewa matundu mawili na kufungwa kwa boliti za propela, ncha yake ikae sakafuni. Hapa Turbo aje na impakti yake, kwa kufungua anaruhusiwa.

#28 Turbo_Mbezi

Ahsante mzee kwa kunikumbuka. Na kwa kufunga?

#29 Fundi_Mstaafu

Kwa kufunga nitakukata mkono. Ndani kuna bushi ya kubonyea, inabonyea mara moja tu maishani. Unakaza kidogo, unazungusha pinioni kwa mkono, unasikia uzito, unakaza kidogo tena. Impakti itaipita ile alama kabla hujasema bismillahi, na hakuna kurudi nyuma, ni bushi mpya tena. Bushi mpya, nati mpya, sili mpya.

#30 Mama_Noah

Samahani wakuu, naingilia. Kwa anayetaka kununua kichwa kizima kilichotumika, ni bora kuliko haya mateso?

#31 Mvita_Kongowea

Dada, waweza, lakini hesabu meno kabla ya kulipa. Gawanya meno ya kraunwili kwa ya pinioni. 41 kwa 9 ni 4.556, 41 kwa 10 ni 4.1. Na kama gari lavuta kwa magurudumu yote manne, difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane, la sivyo siku utakayotia gia ya mbele zitavutana zivunjike. Pia gari nyingine zilizotumika zimetoka kaskazini ya Japani, huko barabara hutiwa chumvi wakati wa theluji. Tazama nati zake. Usije ukanunua kutu ya Hokkaido kuiondoa kutu ya Kunduchi.

#32 Pikapu_ya_Samaki

Jumamosi, wiki moja kamili.

Kepu ya kushoto ilitoka, na nati ikanyanyuka na kraunwili kama mzee alivyosema. Nilisafisha uzi kwa uzi kwa msumari, saa mbili na nusu, mke wangu akadhani natengeneza saa. Nati ya pinioni ilitoka, nimeweka beringi zote mpya. Kraunwili nimeipasha ndani ya sufuria ya maji yanayochemka kama alivyonielekeza mzee inboksi, ikakaa kwenye kiti chake yenyewe bila nyundo. Boliti zake nimezipaka gundi nyekundu ya nyuzi, hizi nimetaka zishikane.

Studi za hauzingi nimepaka grisi ya shaba kidogo. Filla mpya, washa mpya, hakuna gundi.

Nimeazima saa ya kupimia kwa mkerezaji. Nafasi kati ya meno ya kraunwili na pinioni, sehemu nne tofauti, kwa milimita: 0.15, 0.15, 0.16, 0.15. Rangi ya kuonyesha meno yanapogusana imekaa katikati ya jino.

#33 Fundi_Mstaafu

Toyota wanataka 0.13 mpaka 0.18. Funga.

#34 Dada_wa_Wilda

Hongera kaka. Picha ya filla ya zamani weka tuione.

#35 Pikapu_ya_Samaki

Nimeitundika getini. Ina nati juu yake, inafanana na kinyago.

Nimejaza oili ya 90 GL-5, lita mbili na kidogo, mpaka inachuruzika kwenye tundu. Nimezunguka Tegeta na kurudi, kimya kabisa, nasikia hata redio. Kesho alfajiri narudi kazini.

#36 Fundi_Mstaafu

Dogo, kabla ya alfajiri. Maji yaliingiaje?

#37 Pikapu_ya_Samaki

Si kwenye sili ya pinioni mzee? Nimeweka mpya.

#38 Fundi_Mstaafu

Na sili iliharibiwa na nini? Difu ikipata moto barabarani hewa ya ndani inatanuka. Isipopata pa kutokea inasukuma oili kwenye sili. Halafu unaitumbukiza ikiwa ya moto ndani ya maji ya alfajiri, hewa inasinyaa, inavuta, na kinachovutwa ni bahari. Kwa hiyo nakuuliza, kipumulio umekizibua?

#39 Pikapu_ya_Samaki

Kipumulio kipi?

#40 Fundi_Mstaafu

Juu ya hauzingi, kuelekea gurudumu. Kikofia kidogo cha chuma, lazima kizunguke kwa vidole.

#41 Pikapu_ya_Samaki

Nimekiona. Hakizunguki. Kimegeuka tope na magamba ya samaki.

#42 Mvita_Kongowea

Taratibu nacho kaka. Nacho chaingia kwa nyuzi.

#43 Pikapu_ya_Samaki

Nachanganya asetoni.